St. Louis, Missouri, kwa Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Vivutio vya Mji na Viunga Vyake

Majibu haya yameandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaopanga kuutembelea mji wa St. Louis, iwe wanatoka Afrika Mashariki kuja kuhudhuria mahafali ya mtoto wao, au wanaishi Marekani kwenyewe na wanatafuta mahali pa kuipeleka familia mwishoni mwa juma. Bei za tiketi na saa za kufungua milango hubadilika kila msimu, kwa hiyo hatukuziorodhesha hapa; tumejikita katika mambo ambayo mgeni akiyajua mapema humwokolea muda, fedha na usumbufu.

St. Louis iko wapi, na kwa nini mtu aje huku badala ya kwenda Chicago?

St. Louis ni mji ulio kwenye ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, kusini kidogo ya mahali ambapo mto Missouri unamwaga maji yake, na ng'ambo ya mto ni jimbo la Illinois. Uliasisiwa mwaka 1764 na wafanyabiashara wa ngozi za wanyama wa Kifaransa, Pierre Laclède na msaidizi wake kijana Auguste Chouteau, wakaupa jina la mfalme wa Ufaransa aliyetangazwa kuwa mtakatifu, Louis wa Tisa. Baada ya Marekani kuinunua Louisiana kutoka kwa Wafaransa mwaka 1803, mji huu ukawa mlango wa kuingilia magharibi, na msafara wa Lewis na Clark uliondoka eneo hili mwezi Mei 1804 kwenda kuitafuta bahari ya Pasifiki.

Hatutaki kumdanganya mtu. Chicago ni jiji kubwa zaidi, lina ziwa na maghorofa marefu, na liko umbali wa kilomita 480 hivi tu. Lakini familia ya watu sita ikiingia Chicago, mfuko huanza kulalamika siku ya kwanza, ilhali St. Louis familia hiyohiyo inaweza kukaa siku tatu, ikaona bustani ya wanyama, jumba la sanaa, jumba la sayansi na jumba la historia, bila kulipa kiingilio hata mara moja. Sababu yake tunaieleza hapo chini, kwa maana si bahati nasibu.

Gateway Arch ni nini hasa, na je, ni kweli watu hupanda hadi juu yake?

Ni tao la chuma kisichoshika kutu lililosimama kando ya mto, lenye urefu wa mita 192 kwenda juu, na umbali kati ya mguu mmoja na mwingine ni mita hizohizo 192, ingawa macho ya wengi hukataa kuamini kwamba vipimo hivyo viwili vinalingana. Liliundwa kuwakumbuka wale walioelekea magharibi. Mbunifu wake, Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland, alishinda shindano lililomalizika mwaka 1948 ambalo baba yake, Eliel, naye alikuwa ameshiriki; katika hatua ya kwanza simu ya maandishi ya pongezi ilimfikia baba kwa makosa, na familia ikasherehekea ushindi usio wake kabla ya kusahihishwa na kufungua chupa ya pili kwa ajili ya mwana. Saarinen alifariki mwaka 1961, wakati ujenzi haujaanza.

Kipande cha mwisho cha juu kiliwekwa tarehe 28 Oktoba 1965. Asubuhi ile jua lilikuwa limeupasha moto mguu wa kusini na chuma kikatanuka, hata ikabidi zimamoto waumwagie maji ili upoe na nafasi ibaki ya kutosha. Mhandisi yeyote atakayesimama chini ya tao atakuwa na la kuwaza hapo.

Na ndiyo, watu hupanda. Ndani ya kila mguu kuna tramu ya vichumba vinane vya duara, kila kimoja kikiwa na viti vitano, ambayo humpandisha abiria kwa dakika zipatazo nne na kumshusha kwa tatu. Kichumba hujigeuza kidogokidogo kwa mikwaruzo na mitikisiko ili viti visipinduke tao linapopinda, na kupitia kioo cha mlango utaona ngazi na mifupa ya chuma ikipita. Juu kuna ukumbi mwembamba uliopinda, wenye madirisha madogo pande zote mbili: upande mmoja unatazama mto na Illinois, upande wa pili unatazama mji. Ili uone vizuri unalazimika kulalia ukuta ulioinama na kutazama chini, na hapo ndipo wenye hofu ya vimo huomba kurudi.

Mimi huogopa mahali finyu, na mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Tufanye nini?

Vichumba vya tramu ni vidogo kwelikweli. Mtu mrefu huingia akiwa ameinama na kukaa magoti yakigusana na ya wenzake. Pale kwenye eneo la kusubiria kuna mfano wa kichumba ambao unaweza kuujaribu kabla, na tunashauri kwa dhati kila mwenye wasiwasi aketi humo kwa muda kidogo, kwa sababu kughairi ukiwa chini ni rahisi kuliko kughairi ukiwa umefungiwa na wageni wanne. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, safari ya juu haiwezekani kwa kuwa kuna ngazi nyingi njiani. Hata hivyo jumba la makumbusho lililo chini ya ardhi, kati ya miguu miwili ya tao, linafikika vizuri na kiingilio chake ni bure. Lilifunguliwa upya Julai 2018, mwaka uleule eneo lote lilipopewa hadhi ya hifadhi ya taifa.

Tiketi za tramu zinunuliwe mapema kupitia intaneti, hasa kati ya Juni na Agosti na siku za sikukuu. Mlangoni kuna ukaguzi unaofanana na wa uwanja wa ndege, kwa hiyo visu vidogo viachwe nyumbani, nawe ufike nusu saa kabla ya muda ulioandikwa.

Ukitoka kwenye tao, kuna cha kuona hapo karibu?

Kipo, na kwa maoni yetu ndicho kizito zaidi kuliko tao lenyewe. Mbele yake, upande wa mjini, limesimama jengo lenye kuba la kijani kibichi liitwalo Old Courthouse, yaani mahakama ya zamani. Humo ndimo Dred Scott na mkewe Harriet, watu waliokuwa watumwa, walimofungua shauri mwaka 1846 kudai uhuru wao kwa hoja kwamba walikuwa wamekwisha kuishi katika maeneo yasiyoruhusu utumwa. Walishindwa mwaka 1847 kwa sababu za kiufundi, wakashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 1850, wakanyang'anywa ushindi huo na Mahakama Kuu ya Missouri mwaka 1852, na hatimaye mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ikatamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Hukumu hiyo iliisogeza nchi karibu zaidi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miezi michache baadaye Scott na mkewe waliachiwa huru na mmiliki mpya, lakini Scott akafariki mwaka 1858.

Jengo lilifungwa kwa ukarabati mkubwa na likafunguliwa tena mwaka 2025. Panda hadi chini ya kuba utazame juu. Kisha toka nje usimame kwenye zile ngazi, ambako watumwa waliwahi kunadiwa pamoja na mali nyingine za mabwana wao waliofariki, na karibu nazo utaona sanamu ya Dred na Harriet wakiwa wameshikana mikono. Kaburi la Scott liko kwenye makaburi ya Calvary, kaskazini mwa mji, na wageni wana desturi ya kuacha juu yake senti zenye picha ya Rais Lincoln.

Kaskazini kidogo ya tao liko daraja la Eads, lililofunguliwa mwaka 1874, miongoni mwa madaraja makubwa ya kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha pua. Wananchi hawakuliamini, basi kabla ya kufunguliwa tembo wa maonyesho akatembezwa juu yake, kwa imani ya wakati ule kwamba tembo hakubali kukanyaga mahali pasipo imara. Waweza kulivuka kwa miguu, nayo treni ya mjini hupita sakafu ya chini.

Ni kweli kwamba vivutio vikubwa ni bure? Kuna mtego gani?

Hakuna mtego. Mwaka 1971 wakazi wa mji na wa wilaya inayouzunguka walipiga kura kukubali kodi ndogo juu ya mali zao, mahsusi kwa ajili ya bustani ya wanyama na majumba ya makumbusho. Kodi hiyo bado inatozwa, na kwa sababu yake bustani ya wanyama, jumba la sanaa, kituo cha sayansi na jumba la historia ya Missouri huingiwa bila malipo, hata na mgeni ambaye hajawahi kulipa kodi hapa. Juu ya mlango wa jumba la sanaa yamechongwa maneno yanayosema kwamba jengo limetolewa kwa sanaa na liko huru kwa wote.

Unacholipia ni maegesho katika baadhi ya sehemu, garimoshi dogo la bustani ya wanyama, maonyesho maalumu na chakula. Vyakula vya humo ndani ni ghali, na familia yenye busara hubeba chupa za maji na sandwichi kisha ikala kwenye nyasi.

Forest Park ni kubwa mno. Nianzie wapi?

Ina ukubwa wa ekari zipatazo 1,300, kuipita Central Park ya New York, na majumba yote tuliyoyataja yamo ndani yake au pembeni mwake. Kosa linalofanywa na wageni wengi ni kutaka kuimaliza kwa siku moja, na matokeo yake watoto hulia na watu wazima hawakumbuki walichokiona.

Anza asubuhi na bustani ya wanyama, kabla ya joto, maana mchana simba hulala huku pia kama wanavyolala Serengeti. Kwa kweli msomaji aliyezaliwa Tanzania au Kenya huenda asistushwe na pundamilia. Aende moja kwa moja kwa pengwini. Utaingia ukumbi uliopozwa sana, ndege hao wanaogelea usawa wa kiwiko chako bila kioo cha juu kuwazuia, na usishangae wakikurushia maji. Lipo pia tundu kubwa la ndege la chuma lililobaki kutoka Maonyesho ya Dunia ya 1904, ambamo unapita kwa miguu huku korongo na bata wakiwa juu na chini yako. Lenyewe ndilo lililowatia watu hamu ya kuwa na bustani ya wanyama.

Mchana panda kilima hadi jumba la sanaa, ambalo hufungwa Jumatatu. Jengo lake, kazi ya msanifu Cass Gilbert, ni la Maonyesho yaleyale ya 1904. Mbele yake kuna mteremko mrefu wa nyasi unaoshuka hadi bwawa lenye chemchemi. Majira ya baridi theluji ikianguka, mji mzima huja hapo na vibao vya kutelezea. Jioni za kiangazi, kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, ukumbi wa wazi uitwao The Muny huonyesha tamthilia za nyimbo kwa watazamaji wapatao 11,000, na viti takriban 1,500 vya nyuma kabisa havilipiwi. Wenyeji huenda mapema, na darubini mkononi.

Maonyesho ya Dunia ya 1904 yanatajwa kila mahali. Yana uhusiano wowote na Afrika?

Yanao, na ni uhusiano wa kuumiza. Pamoja na majumba ya fahari na taa za umeme zilizowashangaza wageni karibu milioni 20, waandaaji walileta watu kutoka pembe mbalimbali za dunia wakawaweka wazi kutazamwa. Miongoni mwao alikuwemo Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka misitu ya Kongo, aliyeletwa na Mmarekani Samuel Verner pamoja na wenzake kadhaa; watu walilipa kutazama meno yake yaliyochongwa. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, mpaka wachungaji weusi wa makanisa walipopiga kelele akatolewa. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia, akiwa amekata tamaa ya kurudi kwao.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka huohuo ilifanyika hapahapa, na Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki walikimbia marathoni katika barabara za vumbi za St. Louis: Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini waliokuwa wameletwa kwa ajili ya maigizo ya vita vya Makaburu. Taunyane alimaliza wa tisa, Mashiani wa kumi na mbili. Uwanja wa michezo ile bado upo ndani ya Chuo Kikuu cha Washington, hatua chache magharibi mwa Forest Park, na lango lake la mawe bado limesimama. Mkimbiaji yeyote kutoka Iten au Arusha atakayepita hapo ana haki ya kusimama kidogo.

City Museum ni jumba la makumbusho la namna gani?

Si jumba la makumbusho kwa maana tuliyoizoea. Ni jengo la ghorofa kumi lililokuwa la kampuni ya viatu, ambalo mchongaji sanamu Bob Cassilly na wenzake waliligeuza, likafunguliwa mwaka 1997, kuwa uwanja wa kupanda, kutambaa na kuteleza uliojengwa kwa vyuma, vigae na mabomba yaliyookotwa hapa mjini. Nje zimening'inia ndege mbili, zinazofikiwa kwa kutambaa ndani ya njia za waya. Juu ya paa basi la shule limetokeza nusu yake hewani. Na ndani kuna mtelezo wa mzunguko unaoshuka ghorofa kumi.

Hapa kiingilio hulipwa, nasi tunaona kinastahili. Vaa suruali, hata kama juu yake utaweka gauni au dira, kwa kuwa nguo pana hunasa kwenye waya na magoti huchubuka. Viatu viwe vya kufunga. Watoto wakubaliane nanyi mapema mahali pa kukutania, maana jengo lina matundu ambayo mtu mzima hapiti, na mtoto akishaingia humo hutamwona tena mpaka atakapotaka yeye.

Bustani ya mimea ina tofauti gani na Forest Park?

Missouri Botanical Garden ilifunguliwa mwaka 1859 na Henry Shaw, mfanyabiashara Mwingereza aliyetajirika hapa kwa kuuza vyuma, nayo hutoza kiingilio. Nyumba yake ya vioo iitwayo Climatron, kuba la mwaka 1960 lisilo na nguzo hata moja ndani, hubeba msitu wa kitropiki wenye migomba, mibuni na mikakao. Mgeni wa kutoka Bukoba atatabasamu kuona watu wamelipa kutazama mgomba. Hata hivyo, mwezi Januari, nje kukiwa na barafu, kusimama ndani ya joto lile na harufu ya udongo mbichi ni faraja ambayo wenzetu wanaoishi huku wanaijua. Watafiti wa bustani hii wamefanya kazi kwa miongo mingi Madagaska na Tanzania. Ipo pia bustani ya Kijapani yenye ziwa, ambayo ni bora katika masika na mwezi Oktoba.

Cahokia ni nini, na inafaa kuvuka mto kwa ajili yake?

Kama una nusu siku tu nje ya mji, itumie hapo. Cahokia iko karibu na Collinsville, Illinois, kama dakika 15 kwa gari kutoka kwenye tao. Kati ya mwaka 1050 na 1200 hivi, mji mkubwa kuliko wote wa wenyeji wa asili kaskazini mwa Meksiko ulikuwa hapa, ukikadiriwa kuwa na watu kati ya 10,000 na 20,000. Walijenga vilima vipatavyo 120 kwa udongo uliobebwa kwenye vikapu migongoni, bila gurudumu wala mnyama wa mizigo. Kikubwa zaidi, Monks Mound, kina kimo cha mita 30, na jina lake limetokana na watawa wa Kikatoliki walioishi karibu nacho mwanzoni mwa karne ya 19, ambao hawakuhusika kabisa na ujenzi wake. UNESCO iliiingiza Cahokia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982.

Ngazi za kupanda kilele si ngumu kwa mwenye afya. Ukifika juu, upande mmoja utaona uwanda wa mahindi na barabara kuu, na upande wa magharibi, mbali kidogo, lile tao likimeremeta. Mji wenyewe ulikuwa umehamwa kabla ya mwaka 1400, na wataalamu bado wanabishana juu ya sababu: mafuriko, ukame, vita, au siasa za ndani. St. Louis nayo ilikuwa na vilima vyake, hata ikaitwa mji wa vilima, lakini vilisawazishwa kimoja baada ya kingine, na kikubwa chao kikamalizwa mwaka 1869, udongo wake ukitumika kujazia njia ya reli. Kwa hiyo anayetaka kuelewa ni nini kilichokuwepo kabla ya Wafaransa hana budi kuvuka mto.

Kiingilio hakuna, kivuli pia hakuna. Beba kofia na maji. Kabla ya kwenda, hakikisha kama kituo cha wageni kiko wazi, kwa kuwa kimekuwa katika matengenezo.

Kuna majengo ya ibada yanayofaa kutazamwa?

Kanisa kuu la Kikatoliki kwenye barabara ya Lindell lina kuta na makuba yaliyofunikwa kwa vipande milioni 41.5 vya vioo vya rangi zaidi ya 7,000. Kazi ya kuvipachika ilianza mwaka 1912 na kumalizika 1988. Hakuna malipo ya kuingia. Usitembeetembee wakati wa misa.

Na kwa wapenzi wa muziki na historia ya watu weusi?

Nyumba aliyopanga Scott Joplin, mtunzi mweusi wa muziki wa piano, mwanzoni mwa karne ya 20 imehifadhiwa na jimbo kwenye barabara ya Delmar. Mbali zaidi kwenye barabara hiyohiyo, katika mtaa wa Delmar Loop, kuna sanamu ya mwanamuziki wa rock Chuck Berry akiwa na gitaa, na nyota za shaba zilizopachikwa kando ya njia zikiwa na majina ya watu waliozaliwa au kuishi hapa, wakiwemo Josephine Baker, Maya Angelou, Miles Davis na Tina Turner. Katikati ya mji lipo jumba la muziki wa bluzi, lililofunguliwa mwaka 2016.

Je, kuna mpira?

Mpira wa kwanza hapa ni besiboli. Timu ya Cardinals imetwaa ubingwa mara 11, na hata asiyeelewa sheria zake atafurahia jioni moja uwanjani, tao likionekana nyuma ya ukuta. Lakini kandanda ina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa. Marekani ilipoifunga Uingereza bao 1-0 katika Kombe la Dunia la 1950, wachezaji watano walikuwa wa St. Louis, na kipa Frank Borghi alitoka The Hill, mtaa wa Waitaliano. Tangu 2023 timu ya St. Louis City inacheza ligi kuu, katika uwanja ulio karibu na stesheni ya zamani ya Union Station. Tiketi zake ni za kugombania.

Tutakula nini, na chakula halali kinapatikana?

The Hill ni mahali pa kula ravioli zilizokaangwa zikawa na ganda gumu, chakula ambacho mji huu unajivunia. Uliza kwanza nyama iliyomo, kwani mara nyingine huchanganywa na nguruwe. Upande wa kusini, mtaa wa Bevo, wanaishi maelfu ya Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990, na migahawa yao huuza soseji ndogo za ng'ombe ziliwazo na mkate wa moto na vitunguu vibichi. Si kila mgahawa ni wa halali, kwa hiyo uliza bila aibu. Barabara ya South Grand ina Wavietnamu, Waethiopia na wengineo. Mwezi Agosti, tamasha la mataifa limekuwa likifanyika katika bustani ya Tower Grove, na kwa kuwa wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepokelewa katika mji huu, Kiswahili husikika mara kwa mara penye mikusanyiko ya namna hiyo.

Kwa kitu baridi, nenda Ted Drewes, kwenye barabara ya zamani ya Route 66. Aiskrimu yao ya mayai ni nzito kiasi kwamba muuzaji huigeuza bilauri juu chini mbele yako kabla ya kukukabidhi, na haimwagiki.

Nje ya mji, kwa safari ya siku moja?

Mapango ya Meramec, yapata saa moja kusini magharibi, hubaki na ubaridi wa nyuzi 15 hivi mwaka mzima. Matangazo yake yaliyochorwa kwenye mapaa ya mabanda ya mashambani utaanza kuyaona mbali. Mji wa Ste. Genevieve, saa moja kusini, una nyumba za Wafaransa za karne ya 18 zilizojengwa kwa magogo ya kusimamishwa. Anayependa baiskeli ataipenda Katy Trail, njia ya reli ya zamani yenye kilomita zipatazo 386, inayopita St. Charles.

Tunachokipendekeza zaidi ni kaskazini. Mahali ambapo Missouri inakutana na Mississippi pamehifadhiwa, na unaweza kusimama kwenye ncha ya nchi kavu ukaona maji ya kahawia yakitembea sambamba na maji yenye rangi hafifu kabla hayajachanganyika. Wakati wa mafuriko njia hufungwa. Ng'ambo, kwenye mji wa Alton, kuna lango kubwa la maji la kupandishia na kushushia majahazi ya nafaka, na kati ya Januari na Februari tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika hapo kuvua samaki, kwa kuwa maji yaliyovurugwa na lango hayagandi.

Tunaweza kuzunguka bila gari?

Kwa sehemu, ndiyo. Treni ya MetroLink hutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, ikipita karibu na Forest Park, na hushusha abiria umbali wa kutembea kutoka kwenye tao. Kwa Cahokia, mapango au Ste. Genevieve, kodisheni gari au ombeni ndugu. Kutoka Chicago, treni ya Amtrak huchukua kama saa tano.

Tumesikia kwamba St. Louis ni mji hatari. Ni kweli?

Mji una mitaa yenye uhalifu mkubwa, na hilo lisifichwe. Lakini takwimu zake pia huvimbishwa na mpaka: mwaka 1876 mji ulijitenga na wilaya yake, hivyo hesabu hufanywa juu ya wakazi wasiofika 300,000, ilhali eneo zima lina watu wapatao milioni 2.8. Maeneo tuliyoyataja huwa na wageni wengi mchana. Tatizo linalowapata wageni mara nyingi zaidi ni kuvunjiwa vioo vya gari. Begi, koti hata waya wa simu visiachwe vikaonekana kwenye kiti. Usiku tumia gari hadi mlangoni.

Ni majira gani yanafaa, na kile king'ora ni cha nini?

Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 32 pamoja na unyevu ambao mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataufahamu, ila bila upepo wa bahari. Januari ni baridi kali.

Ving'ora vya tonado, yaani kimbunga cha nchi kavu chenye upepo unaozunguka, katika wilaya ya St. Louis hujaribiwa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi saa tano asubuhi, na wageni wengi hushtuka wakiona wenyeji wanaendelea kunywa kahawa. Kikilia wakati mwingine wowote, usitoke nje kutazama mawingu: shuka ghorofa ya chini kabisa, kaa chumba cha ndani kisicho na dirisha, na kama uko kwenye jumba la umma fuata wafanyakazi, ambao wanajua mahali pa kujikinga.